Uliza Kabla ya Kupigilia Msumari: Namna ya Kupanga Picha za Familia Ukutani



Likizo ndefu iliyopita nilifika nyumbani Nyalikungu, pale mjini Maswa, nikakuta baba amemaliza kupiga plasta na rangi sebuleni. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma na kwa miaka mingi ndani ilikuwa haina plasta. Sasa ukuta ulikuwa mweupe, safi, mtupu. Mama akatoa kopo la biskuti la zamani lililojaa picha, akaniambia, "Wewe ndo msomi wa humu ndani. Zitundike vizuri, sebule ionekane ina watu."

Nikaona hiyo si kazi ya kuumiza kichwa. Nikanunua fremu kwa kile kilichobaki kwenye bumu, nikaazima nyundo kwa jirani, mchana mmoja nikamaliza. Picha kumi na moja. Katikati kabisa niliweka yangu ya mahafali ya Kidato cha Sita, niliyoisafisha kubwa kuliko zote. Nikapiga selfii mbele ya ukuta wangu, nikaweka stetasi.

Siku ya tatu akaja shangazi, dada mkubwa wa baba. Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili baba amalize sekondari, na sisi watoto tumeambiwa habari hiyo tangu tukiwa wadogo. Akapewa chai na matobolwa, akakaa kimya anaangalia ukuta kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. Shangazi hakupelekwa shule. Alipomaliza akasema, "Mwanangu, nimesoma ukuta wenu. Mimi simo."

Hakuna aliyejibu. Baba alishika kikombe chake akatazama nje. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nimeandika makala hii kwa sababu najua wengi wetu tukirudi likizo tunakabidhiwa kazi kama hizi: wewe msomi, wewe unajua simu, wewe panga. Nilikosea mara tatu, na kila kosa limenifundisha jambo ambalo ningependa ulijue kabla hujashika nyundo. Kwa wale wa ualimu, mtaona haraka kwamba ni yaleyale ya andalio la somo: huingii darasani na chaki kabla hujajua wanafunzi wako ni akina nani.

Kwanza, panga watu

Ukuta wa picha ni orodha ya watu, na kila mgeni anaisoma. Aliye katikati ni nani, aliye mkubwa ni nani, nani yuko mara tano, nani hayupo kabisa. Tunajua hili vizuri tukiwa ofisini. Ofisi za serikali nchini kwetu zina picha ya Rais aliye madarakani, na mara nyingi pembeni yake ipo ya Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere. Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, kufuatia kifo cha Rais Magufuli, picha za ofisini zikabadilishwa. Hakuna mtumishi aliyehitaji maelezo kwamba ile picha inakaa juu na mahali pa heshima, wala haiwekwi nyuma ya mlango. Nyumbani ni hivyohivyo, ila tu hakuna waraka unaotuambia nani akae wapi. Kwa hiyo inabidi kuuliza.

Njia niliyoitumia baada ya aibu ile ni hii. Chukua daftari. Upande wa kushoto andika watu wote wa familia, kuanzia waliotangulia hadi mtoto wa mwisho. Usiandike kwa kumbukumbu yako peke yako. Kaa na mama, baba, na mkubwa mwingine yeyote aliyepo, maana kila mmoja ana mtu anayemkumbuka yeye. Upande wa kulia, mbele ya kila jina, andika anaonekana kwenye picha ngapi kati ya zile ulizochagua. Hesabu sura, usihesabu picha.

Mimi nilipofanya hivyo nilijikuta niko kwenye picha tano kati ya kumi na moja. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa kwenye moja, tena amekatwa sikio. Mama mwenyewe alikuwa kwenye mbili, zote amesimama nyuma. Shangazi sifuri. Nilichagua kwa kufuata picha zilizotoka vizuri, na picha zilizotoka vizuri ni zile za simu za karibuni, ambazo nyingi zilikuwa zangu. Yaani simu yangu ndiyo iliyoamua nani ni familia.

Ukishaona mapengo, uliza maswali haya kabla ya kwenda kusafisha picha:

Nani akae katikati? Kwa familia nyingi ni wazee, babu na bibi, kisha wazazi, kisha watoto kuzunguka. Si lazima, lakini ukiweka picha yako katikati ujue unasema nini.

Kama baba ana wake wawili, au kuna watoto waliozaliwa kabla ya ndoa, wamo? Hili si swali la mtoto kuamua. Lipeleke kwa wazazi faraghani, na ukubali jibu watakalotoa. Ila liulize, kwa sababu mtoto ambaye hayumo ukutani atalijua hilo siku atakapoingia tu.

Waliofariki je? Kuna nyumba ambazo picha ya marehemu hutundikwa mahali pa heshima, na nyingine huifungia sandukuni kwa kuwa bado inaumiza. Nitarudi kwenye hili mwishoni.

Na dini ya nyumba hiyo inasemaje? Zipo familia za Kiislamu ambazo hazitundiki picha za watu ukutani, na badala yake huweka maandishi ya aya au picha ya mandhari. Kama unaoa au unaolewa kwenye nyumba hiyo, au umepanga geto na mwenzako wa namna hiyo, ongea naye kwanza.

Pili, usitundike picha ya asili

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye lile kopo kulikuwa na picha moja ya babu, nyeusi na nyeupe, ikiwa bado ndani ya fremu yake ya zamani. Wakati fulani mvua ilivuja bati na picha ikaloa. Niliona imegandia kioo, nikasema niibandue niitie kwenye fremu mpya. Nikavuta kona taratibu. Karatasi ikatoka, uso wa babu ukabaki kwenye kioo.

Baadaye nikaelewa kilichotokea. Sura kwenye karatasi ya picha za zamani imo ndani ya utando mwembamba wa jelatini, kitu kinachofanana na gundi. Utando huo ukipata unyevu unalainika, ukikauka huku umegusana na kioo unaganda nacho moja kwa moja. Ukivuta, utando unabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi tupu. Kwa hiyo picha iliyogandia kioo haivutwi. Iache ilivyo, ipige picha kwa simu ikiwa ndani ya kioo hichohicho, halafu tundika nakala.

Maadui wengine wa picha ni mwanga na vumbi. Picha nyeusi na nyeupe za zamani zimetengenezwa kwa chembe ndogo za madini ya fedha, ndiyo maana nyingi zimedumu. Picha za rangi zimetengenezwa kwa rangi za kemikali, na rangi hizo hupauka zikipigwa na mwanga. Hata zikiwa gizani hubadilika polepole. Ndiyo sababu picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980 utazikuta zimekuwa nyekundu-nyekundu. Picha ikishapauka hairudi. Kioo cha kawaida cha fremu hupunguza tatizo kidogo tu.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi: ukutani iende nakala, ya asili ikae sandukuni. Kutengeneza nakala nzuri kwa simu unaweza mwenyewe:

Toa picha nje kwenye kivuli, mchana, si juani. Ilaze juu ya meza iliyo sawa. Zima mwanga wa kamera. Shika simu juu yake ikiwa sambamba kabisa na meza, usiiinamishe, la sivyo babu atakuwa na kichwa kipana na miguu myembamba. Kama ipo ndani ya kioo, mtu ashike nguo nyeusi nyuma ya simu yako ili mwako usionekane kwenye kioo. Piga mara tatu au nne, uchague.

Ukimtumia mtu wa steshenari au studio kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha. Kipimo wanachotumia wasafishaji ni nukta 300 kwa kila inchi. Maana yake picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji nukta 1200 kwa 1800, na ya ukubwa wa A4 inahitaji kama 2480 kwa 3508. Picha ndogo iliyopita kwenye magrupu matano ya ukoo ukaikuza kufikia A4 itatoka ukungu, na hapo usimlaumu fundi.

Ile ya asili itie kwenye bahasha ya karatasi, isigusane na nyingine, iweke kwenye kopo au sanduku lililo mbali na sakafu na mbali na ukuta unaovuja. Nyuma ya picha ya zamani andika majina kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huweza kupenya mbele. Picha za siku hizi zina karatasi inayoteleza, penseli haishiki, basi andika kwenye bahasha yake.

Na kabla hujaandika, soma kwanza kilichokwisha andikwa. Zamani mtu alikwenda studio, akasimama mbele ya pazia, na studio nyingi ziligonga muhuri nyuma ya picha. Studio hizo zina historia ndefu upande wetu huu wa Afrika. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Muhuri unakupa mji, na mara nyingine mwaka. Hata jina la mkoa linasaidia: mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, kabla ya hapo Maswa ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Kwa hiyo ukikuta nyuma ya picha pameandikwa "Maswa, Shinyanga", ujue hapo pengine ni kabla ya 2012.

Faida nyingine ya picha za studio ni kwamba kutoka kwenye filamu moja walisafisha nakala mbili, tatu, wakagawana ndugu. Picha uliyoiharibu wewe huenda ipo nyumba nyingine. Hili lishike, nitalirudia.

Tatu, chagua ukuta

Sio kila ukuta unafaa. Sisi tuko kama nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, na mwaka mzima jua linachomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi. Dirisha linalotazama magharibi linapitisha jua la jioni, likiwa chini na kali, moja kwa moja hadi ukuta ulio mkabala nalo. Picha za hapo zitapauka kwanza. Kaa sebuleni saa tatu asubuhi na tena saa kumi na moja jioni, uone jua linagonga wapi. Ukuta usioguswa na jua nyakati zote mbili ndio wako.

Epuka pia ukuta unaopakana na jiko, hasa kama mnapikia kuni au mkaa. Epuka ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Ukiuwekea kiganja masika ukasikia ubaridi wa majimaji, achana nao. Na epuka mstari wa wima juu ya swichi na soketi, kwa sababu nyaya za umeme kwa kawaida zinapita humo ndani ya plasta. Msumari ukikutana na waya hiyo si habari ya picha tena.

Nne, vipimo

Nyumba nyingi za kwetu picha zimetundikwa juu sana, karibu na dari, zimeinama mbele kidogo. Zina sababu yake: watoto hawafiki, na vichwa vya wageni havisugui fremu. Lakini ukiweka picha ndogo kule juu, huoni sura ya mtu. Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba zana ya ukutani iwe usawa wa macho ya mwanafunzi. Makumbusho na kumbi za sanaa nyingi hulenga katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Sebuleni watu wanakaa, kwa hiyo unaweza kushuka kidogo, mradi chini ya fremu na mgongo wa kochi pabaki kama sentimita 15 hadi 20.

Nikupe mfano wa ukuta wetu, ufuatilie hesabu. Ukuta una upana wa sentimita 420. Kochi lina upana wa 200, limewekwa katikati, na mgongo wake uko sentimita 90 kutoka chini. Tulikuwa na fremu moja kubwa ya upana 30 na urefu 40, na nane ndogo za upana 20 na urefu 25. Mpangilio: kubwa katikati, kila upande nguzo mbili za fremu mbilimbili, moja juu ya nyingine. Nafasi kati ya fremu na fremu ni 6.

Upana wote: 20 + 6 + 20 + 6 + 30 + 6 + 20 + 6 + 20, jumla 134. Hiyo ni kama theluthi mbili ya kochi, na inapendeza hivyo. Kundi la picha likizidi upana wa kochi linaonekana linaanguka. Kutoa 134 kwenye 420 inabaki 286, gawa kwa mbili, 143. Kwa hiyo fremu ya kwanza inaanza sentimita 143 kutoka kona ya kushoto.

Urefu: nguzo ya fremu mbili ni 25 + 6 + 25, jumla 56. Mgongo wa kochi 90, ongeza 20, kundi linaanza kwenye 110 na kuishia kwenye 166. Katikati yake ni 138. Fremu kubwa nayo katikati yake iwe 138, kwa hiyo ncha yake ya juu ni 158.

Msumari hauendi kwenye ncha ya fremu. Geuza fremu, vuta uzi wake juu kama utakavyovutwa na msumari, pima kutoka ncha ya juu hadi hapo. Kama ni 5, basi fremu ndogo za juu msumari wake uko 161, za chini 130, na ile kubwa 153.

Kabla ya kupigilia, jaribu kwa karatasi. Weka kila fremu juu ya gazeti la zamani, ichore, ikate. Andika jina la mtu kwenye karatasi. Bandika karatasi zote ukutani kwa selotepu kufuata vipimo, uziache siku mbili. Watu wa nyumbani watapita, watasema, watabishana. Hapo kuhamisha mtu ni kuhamisha gazeti, hakuna tundu. Alama za ukutani piga kwa chaki, inafutika. Sisi hatuna kisingizio, Maswa ni kwa watengeneza chaki.

Tano, misumari

Siku ile ya kwanza misumari yangu minne ilidondoka na kuacha mashimo ya ukubwa wa shilingi mia. Nilitumia misumari ya mbao kwenye plasta ya saruji. Plasta inahitaji misumari ya zege, ile migumu, mifupi. Bandika kipande cha selotepu pale unapopiga ili plasta isibanduke, piga polepole, na msumari uelekee chini kidogo kwa ndani ili kichwa kitazame juu. Mstari usawazishe kwa pima maji. Kama hakuna, mafundi wetu hutumia mpira mwembamba unaoonesha maji ndani: maji ya ncha zote mbili hukaa usawa uleule.

Kama nyumba ni ya tofali mbichi na udongo, msumari mmoja mmoja utalegea. Chukua ubao mwembamba mrefu, ufunge kwa misumari mirefu mitatu au minne sehemu ya juu ya ukuta, kisha tundika picha zote kwa nyuzi kutoka kwenye ubao huo. Njia hiyo inafaa pia kwenye geto ambako mwenye nyumba hataki mashimo: mnakubaliana matundu matatu tu, picha kumi.

Nyuma ya kila fremu, kwenye kona mbili za chini, gundisha vipande vidogo vya kandambili iliyochakaa. Fremu itakaa mbali kidogo na ukuta, hewa inapita, unyevu haukai, na mchwa wakipanda ukutani utawaona mapema. Na kati ya picha na kioo weka fremu ya karatasi ngumu nyeupe kuzunguka kingo, ili picha isiguse kioo. Ningejua hili mapema, au angejua aliyetundika picha ya babu kabla yangu, tusingempoteza.

Fremu si lazima ziwe za dukani. Mafundi wa vioo na aluminiamu hubakiwa na vipande vya kioo ambavyo ni vidogo mno kwa dirisha. Ukienda na vipimo vyako vimeandikwa, wanakukatia.

Tulivyomaliza

Nilimfuata shangazi kijijini kwake wiki iliyofuata. Sikwenda na hotuba. Nilimsalimia, nikamwambia nimekosea, nimekuja kumpiga picha. Akanicheka, akaingia ndani kubadilisha kitenge. Alipotoka alikuwa na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na picha ya babu, ileile, nakala ya pili kutoka studio ileile, safi. Alikuwa ameitunza miaka yote kwenye sanduku la nguo. Nilimweleza kilichotokea kwa ile ya kwetu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi iandike hiyo, wasirudie." Nikaipiga palepale kivulini, nikamrudishia ya asili mkononi. Aliniangalia hadi nilipoishika bahasha na kuifunga.

Sasa babu na bibi wako katikati, kwenye ile fremu kubwa. Shangazi yupo kulia kwake na kitenge chake. Baba na mama wana picha yao wawili, ya kwanza tangu harusi, niliyowapiga mlangoni. Mdogo wangu ana masikio yote mawili. Mimi nipo mara moja, pembeni, na mahafali yangu.

Imebaki moja. Mama alipata mtoto wa kwanza kabla yangu, kaka yangu, aliyefariki akiwa Darasa la Sita. Nilipokuwa naandika orodha kwenye daftari, yeye ndiye aliyemtaja wa kwanza, kabla hata ya babu. Picha yake iliyopo ni moja tu, pasipoti saizi, mama anaiweka kwenye Biblia. Nilitaka kuikuza, kumweka sebuleni pamoja na sisi. Niliona ndiyo haki. Karatasi yake ya gazeti ilikaa ukutani siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikakuta mama ameibandua, ameihamishia kwenye korido, pembeni ya mlango wa chumba chake.

Akasema, "Sebuleni kila mgeni ataniuliza huyu ni nani. Hapa namwona mimi nikiamka."

Basi tukapima hapo: sentimita 145, kwa kuwa koridoni mtu anasimama. Msumari mmoja wa zege, selotepu, fremu ndogo, vipande viwili vya kandambili. Nikapiga mara tatu, ukashika.

Likizo inakaribia. Ukienda nyumbani, beba tepu ya kupimia, daftari na chaki. Nyundo utaazima kwa jirani, lakini siku za kwanza kaa tu na lile kopo la picha, umwombe mkubwa mmoja akutajie majina.